Kitenge Kilichotangulia Matanga

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mwavita alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuteka maji bombani pamoja na nusu ya wasichana wa mtaa wao wa Kanyosha, waliopanga madumu yao ya njano na kugombana kama kuku. Ya pili ilikuwa kuokota pini. Baba yake, Akilimali, alikuwa fundi cherehani, na fundi akikuambia kwamba hajawahi kuangusha pini, huyo muulize vizuri. Mwavita alikuwa na sumaku nzito iliyotolewa katika spika mbovu. Aliipitisha sakafuni chini ya cherehani, na pini zikairukia, hata zile zilizojificha katika nyufa. Aliipenda kazi hiyo. Mdogo wake Prodige, mwenye miaka mitano, aliipenda zaidi, na waligombania sumaku kila siku.

Zamani waliigombania huku mama yao akicheka. Mama yao, Amandine, alifariki wakati wa mvua za mwaka uliopita, baada ya kuugua muda mfupi. Tangu hapo nyumba ilikuwa na kona moja ambayo hakuna aliyeikaribia. Katika kona hiyo, juu ya kigoda, ilikaa valizi ya kahawia, sanduku la safari lenye nguo za marehemu. Haikuwa na kufuli, lakini hata Prodige, aliyetia mkono kila mahali, hakuigusa. Kwa desturi yao nguo za aliyekufa hazitoki nyumbani mpaka matanga yaondolewe. Ndugu hukutana, hula pamoja, humkumbuka marehemu, kisha hugawana nguo zake na kurudi makwao wakiwa na moyo mwepesi. Anayefungua valizi ni dada mkubwa wa marehemu, na dada huyo alikuwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, ambako njia zilikuwa zikifungwa na kufunguliwa kwa sababu ya vita. Basi wakasubiri. Valizi nayo ilisubiri, na jioni nyingine Mwavita alihisi kwamba inawatazama.

Kisha nyumba za nyuma ya soko zikaungua.

Zilikuwa nyumba za kupanga, zimeshikana ukuta kwa ukuta. Umeme ulikuwa umekatika, mtu akawasha mshumaa, akausahau karibu na pazia. Majirani walikimbia na ndoo na mchanga. Walitoa watoto wote, walitoa wazee wote, lakini vitu hawakuviwahi. Palibaki kuta nyeusi na mabati yaliyojikunja. Kila mvua iliponyesha, harufu ya majivu iliamka upya na kupanda mtaani hadi kwenye madirisha ya watu.

Laure, aliyekaa dawati moja na Mwavita, alikuwa mtoto wa mojawapo ya nyumba hizo. Alirudi shuleni akiwa amevaa gauni la jirani, hana mfuko wala daftari. Moshi ulikuwa umeingia katika nywele zake na haukutaka kutoka. Alipogeuka kuazima kalamu, Mwavita aliusikia moshi huo.

"Kikundi cha akina mama cha Dutabarane kinakusanya msaada katika uwanja wa kanisa," mwalimu wao, Bwana Gélase, aliwaambia siku hiyo. "Jina lenyewe linasema tusaidiane. Kila mmoja alete kitu kutoka nyumbani. Lakini kwa ruhusa ya wazazi, mmesikia? Kwa ruhusa."

"Ndiyo, mwalimu!" walijibu kwa sauti moja, kama watoto wajibuvyo wakati nusu yao hawasikilizi.

Kesho yake walipeleka walivyopata. Lo! Kulikuwa na kiatu cha kushoto kisicho na mwenzake. Kulikuwa na suruali isiyo na zipu na kandambili iliyoshonwa kwa waya. Mwavita, ambaye nyumbani kwao hapakuwa na kitu cha ziada, alileta kifuniko cha sufuria. Sufuria yenyewe ilikuwa imetoboka zamani.

Mkuu wa kikundi alikuwa Mama Consolate, mwanamke mnene mwenye moyo mkubwa na mdomo usio na breki. Alikishika kile kifuniko, akakigeuzageuza.

"Hii itafunika nini, mutoto wangu? Njaa?" aliuliza, na watoto wakaangua kicheko. Kisha akawageukia wote. "Sikieni. Mutu moto umemunyang'anya nguo, we unamuletea matambara? Kutoa ni moyo, lakini moyo si jalala. Leteni kitu yenye weye mwenyewe unaweza kuvaa siku ya kanisa."

Mwavita alitamani ardhi ipasuke immeze. Na mbaya zaidi, kando ya lile rundo, juu ya mkeka, aliketi mama yake Laure. Aliitwa Léoncie. Alikuwa na gauni lile lile alilokimbia nalo, pindo lake limeungua na kugeuka jeusi, na alikuwa akilishika kwa mkono mmoja ili watu wasione. Hakucheka na wengine. Alimtazama Mwavita, akamwambia polepole, "Aksanti, mama. Kifuniko nacho ni kitu." Maneno hayo mema yalimchoma Mwavita kuliko kicheko.

Alipofika nyumbani, baba yake alikuwa amekwenda mjini kununua uzi, na Prodige alikuwa akicheza kwa jirani. Nyumba ilikuwa kimya. Mwavita alitazama huku na huku akitafuta kitu ambacho mtu anaweza kuvaa siku ya kanisa. Macho yake yalizunguka, yakarudi kila mara kwenye ile kona.

Tuseme ukweli. Alimhurumia Léoncie, na huruma hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini alitaka pia Mama Consolate anyamaze mbele ya watu wale wale waliocheka. Mambo hayo mawili yalichanganyika moyoni mwake hata hakujua lipi lilimsukuma mkono.

Alifungua valizi. Harufu ya sabuni ya mama yake ilitoka yote kwa pamoja, kana kwamba mtu alikuwa amekaa humo ndani akisubiri kufunguliwa. Mwavita alirudi nyuma. Kisha akaingiza mikono.

Juu kabisa kulikuwa na kitenge cha zambarau chenye duara za njano, kimeshonwa blauzi na sketi. Baba yake alikishona mwenyewe kwa ajili ya mkewe. Nyuma ya blauzi alipanga vifungo vilivyofunikwa kwa kitambaa kile kile, na kiunoni akaweka marinda yaliyoruka kila Amandine alipopiga hatua. Watu wa mtaa walikuwa wakisema kwamba hata ukimwona kwa mbali, mgongo tu, unajua ni nani.

Mwavita alikikunja haraka. Mahali pake alijaza mabaki ya vitambaa kutoka chini ya cherehani, akafunga valizi, akatoka mbio.

Mama Consolate alipokifunua kitenge, uso wake ulibadilika. Hakucheka tena. Alikigusa kwa ncha za vidole.

"Hii ni ya mama yako," alisema.

"Ndiyo, mama. Papa njo ametuma," alijibu Mwavita, kana kwamba baba yake ndiye aliyemtuma.

"Lakini matanga? Baba yako amekwisha kuondoa matanga?"

Hapo palikuwa na mlango wa kurudi nyuma, nao ulikuwa wazi kabisa. Mwavita aliuona, akaupita.

"Ndiyo. Tuliondoa. Tulifanya kidogo tu, sisi wenyewe, mu nyumba."

Mama Consolate alikikunja kitenge upya. Yeye ndiye aliyemwosha marehemu, na sasa alisikia kwamba matanga yameondolewa bila kumwita hata kunywa maji. Ilimuuma. Lakini alikaza uso, akasema tu, "Sawa. Mungu amubariki baba yako." Kikundi kilikuwa na desturi ya kutosema nani ametoa nini, ili anayepokea asiinamishe kichwa mbele ya jirani yake. Basi kitenge kikaenda kwa Léoncie, na hakuna aliyemwambia kilikotoka.

Aliyekiona kwanza ni Prodige.

Ilikuwa jioni. Mwavita alikuwa akipepea babula, jiko lao la makaa, mbele ya mlango, na Prodige alikuwa akichora mchangani. Ghafla mtoto alisimama. Huko chini barabarani, katika mwanga mwekundu wa jua linalozama, mwanamke alikuwa akienda zake. Alibeba kapu kichwani. Mgongo wake ulikuwa wa zambarau wenye duara za njano, na kiunoni marinda yaliruka, yakatulia, yakaruka.

"Mama!" Prodige alipiga ukelele. "Mama! Mama, ngoja!"

Alikimbia kabla Mwavita hajaweza kumshika. Alimfikia yule mwanamke, akaukumbatia mguu wake kwa mikono miwili, akaficha uso katika kitenge. Mwanamke aligeuka. Ulikuwa uso wa mtu mwingine.

Prodige hakulia. Ingekuwa afadhali alie. Aliachia kitambaa polepole, akarudi nyuma hatua kwa hatua, macho yamemtoka. Léoncie aliinama na kumwita kwa upole, lakini mtoto alikuwa amekwisha kukimbia. Siku hiyo hakula. Kesho yake jioni alikwenda kukaa kwenye jiwe kando ya barabara.

"Unafanya nini hapo?" Mwavita alimuuliza.

"Nangoja Mama. Jana alivaa uso ya mutu mwingine. Leo labda atavaa yake."

Mwavita alimvuta mkono arudi ndani, mtoto akakataa. Tangu siku hiyo Prodige alikaa kwenye jiwe lile kila jioni. Laure naye darasani alikuwa ameanza kutabasamu tena, akasema, "Mama wangu alipata nguo nzuri sana. Anasema akiivaa anajisikia mutu tena." Mwavita aliinamia daftari lake, herufi zikawa zinaogelea.

Alitaka kusema. Kila siku alipanga kusema. Lakini uongo una tabia ya kuzaa, na aliposikia mtu akibisha hodi, alidhani ni Mama Consolate amekuja kumshukuru baba yake. Kwa bahati Mama Consolate hakuja. Alikuwa amenuna, na alipopita mbele ya mlango alisalimia akitazama upande wa pili. Akilimali alishangaa, akauliza, "Huyu mama nimemukosea nini?" Mwavita alijua jibu, akaendelea kuokota pini.

Kisha Akilimali naye akaona.

Aliingia jioni moja akiwa amelowa jasho, akaketi kwenye kiti cha cherehani bila kuvua viatu. Alijaribu kutunga uzi sindanoni mara tatu, akakosa. Mwavita hakuwahi kumwona akikosa tundu la sindano.

"Mwavita, kuya. Ikaa hapa."

"Papa, juu ya nini? Unaumwa?"

"Nimemuona mama yenu."

Makaa yalilia ndani ya babula.

"Usiseme ni ndoto," baba yake aliendelea, sauti ikiwa chini ili Prodige asisikie. "Mi njo nilishona ile nguo. Mutu anaweza kusahau sura, lakini fundi hasahau mushono yake. Alikuwa anashuka barabara ya kwenda ziwani. Nikamufuata. Nikaita jina yake. Hakugeuka, akaingia mu kichochoro, akapotea. Prodige alituambia amemuona, nikasema ni maneno ya mutoto tu." Alifuta uso kwa kiganja. "Amenikasirikia. Mwaka umepita, mi ninamuacha mu kona, mu valizi, sawa na kitu yenye tumesahau. Anataka matanga yake."

"Papa, labda..."

"Labda nini?"

Mwavita alifungua mdomo. Neno lilikuja hadi kwenye meno, likarudi. "Apana, akuna kitu," alisema.

"Nitaondoa matanga, hata kama dada yake hajafika. Matanga mazuri, yenye heshima, watu washibe. Nimekwisha kuongea na Hamissi wa Buyenzi. Jumamosi atakuya kuchukua mashini."

"Mashini? Hii mashini? Papa, tutakula nini?"

"Mungu anajua," alisema Akilimali, akaweka mkono juu ya cherehani kama mtu anayeaga.

Ilikuwa cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, iliyovuka nao mpaka kutoka Uvira. Ndiyo iliyolipa shule na dawa, ndiyo iliyoshona sare za nusu ya mtaa. Mwavita alilala akiitazama, na kila alipofumba macho aliona marinda yakiruka katika mwanga mwekundu. Hakukuwa na mzimu barabarani, na yeye peke yake katika nyumba ile ndiye aliyelijua hilo. Lakini yeye ndiye aliyeogopa kuliko wote.

Jumamosi Hamissi alifika mapema na mkokoteni. Alikuwa rafiki wa zamani wa Akilimali, fundi wa magari mwenye kofia nyeupe na vidole vyeusi kwa oili. Ile sumaku ya pini yeye ndiye aliyewaletea. Duka la ndugu yake lilinunua mashine kuukuu.

"Akilimali, rafiki yangu, una hakika?" aliuliza. "Mutu hauzi kitu yenye inalisha batoto sababu ya kivuli."

"Beba, Hamissi. Usinitie maneno mengi."

Waliinua cherehani pamoja, mmoja huku, mmoja kule. Pini moja iliyokuwa imekwama chini yake ilianguka, ikalia sakafuni. Prodige aliikimbilia na sumaku. Wanaume walikuwa wamefika mlangoni, na mguu mmoja wa cherehani ulikuwa tayari nje.

"Papa, acha!" Mwavita alipaza sauti. Alikuwa ameshika kanyagio kwa mikono yote miwili. "Si Mama! Ule mutu uliona si Mama. Ni mama ya Laure. Mi njo nilitoa kitenge. Nilifungua valizi."

Wakaishusha cherehani palepale mlangoni. Mwavita aliyasema yote, kifuniko cha sufuria, kicheko, Papa ametuma, matanga tulifanya kidogo. Alilia huku akisema, na kamasi zikamtoka, wala hakujali. Alipomaliza, Hamissi alivua kofia yake, akaishika kifuani.

"Astaghfirullah," alinong'ona.

Akilimali alikwenda kwenye kona. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, aliifungua valizi. Alitoa mabaki ya vitambaa, kipande kimoja kimoja, akaviweka sakafuni. Mwavita alingoja kofi. Halikuja. Baba yake aliketi chini karibu na vile vitambaa, akafunika macho, mabega yakatikisika.

"Nilimuita barabarani," alisema mwishowe. "Mbele ya watu. Usiku nikamuomba musamaha, mi nikiwa peke yangu mu giza, na weye unajua. Unajua, na unaniangalia tu."

"Nisamehe, Papa."

"Vaa viatu. Tunaenda kwa ule mama."

Léoncie alikuwa amehifadhiwa kwa kaka yake, upande wa kushuka Kibenga, katika chumba kimoja na watoto wake wote. Walimkuta akichambua mboga za lengalenga za kuuza, amevaa kitenge. Akilimali aliposimama mbele yake, alishindwa kuinua macho. Ilibidi Mwavita aseme tena, peke yake, na safari hii ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu Laure alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

Léoncie aliweka mboga chini. Aliingia ndani. Alipotoka, alikuwa na lile gauni lake lililoungua pindo, na kitenge kilikuwa kimekunjwa juu ya viganja vyake viwili.

"Mi sikujua," alimwambia Akilimali. "Kumbe ule mutoto alikuwa ananishika hivi... Mungu wangu." Kisha akamgeukia Mwavita, na macho yake yakajaa machozi ya hasira. "Moto ulinivua mbele ya batu, mutoto wangu. Sasa na weye unanivua. Ungenipa kifuniko tu, ningekushukuru mpaka leo."

Hakuna adhabu ambayo Mwavita aliwahi kupata iliyouma kama hiyo. Laure aliingia ndani na kufunga mlango.

Walishika njia ya kurudi. Lakini mbele ya kanisa Akilimali alisimama, akaingia uwanjani alikokuwa Mama Consolate na wenzake wakipanga blanketi. Akamweleza yote. Mama Consolate alimsikiliza akiwa ameshika kiuno, akamtazama Mwavita, akamtazama tena Akilimali.

"Basi mi nilikununia bure," alisema. "Na mi nina kosa. Nilifanya huyu mutoto achekwe mbele ya wenzake juu ya kifuniko. Mdomo yangu hii itanipeleka pabaya." Akavuta pumzi. "Sasa sikia, baba Mwavita. Matanga si ukubwa ya sufuria. Unataka kuuza mashini ili batu bashibe siku moja? Dutabarane iko na masufuria, iko na maharage. Lete ndizi tu. Tutaondoa matanga ya Amandine sisi wote, na wale ba nyumba zilizoungua bataalikwa. Bamezoea kupewa, waache na bo bakae wageni."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, uwanja mdogo mbele ya nyumba ya Akilimali ulijaa watu. Dada wa marehemu hakuweza kuvuka mpaka, lakini simu iliwekwa juu ya kiti cha heshima, na kutoka ndani ya simu hiyo, sauti ikikatikakatika, alimwomba Mungu ampokee ndugu yake, akawaambia wafungue valizi kwa jina lake. Mwavita alisimama mbele ya wote akasema alichofanya. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alisema mpaka mwisho. Léoncie alikuja pia, amekaa nyuma kabisa, na Laure pembeni yake.

Nguo ziligawiwa. Kilipobaki kile kitenge, Akilimali alikichukua, akaenda hadi nyuma walikokaa.

"Mama Laure," alisema, "kwanza kilikufikia kwa uongo. Leo ninakupa mi mwenyewe, na ndugu wa marehemu wote wanaona. Utakubali?"

Léoncie alikitazama kitenge, akamtazama Prodige aliyekuwa amejishikiza mguuni kwa baba yake. Akatikisa kichwa. "Nakipenda. Lakini siwezi kupita hapa na huyu mutoto akaniona hivyo tena."

"Hiyo ni kazi ya fundi," alisema Akilimali.

Aliketi kwenye cherehani yake palepale, watu wakitazama. Alifumua marinda ya kiunoni, uzi baada ya uzi, kwa uangalifu mwingi, kwa kuwa kila uzi aliutia yeye. Aliondoa vifungo vya mgongoni akavihamishia mbele. Alipanua mabega, maana Léoncie alikuwa mpana kuliko Amandine, akashusha pindo. Mwavita alimpa uzi na pini, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alipomaliza, kitenge kilikuwa kile kile na hakikuwa kile tena. Léoncie alikivaa, akatembea hadi barabarani na kurudi. Nyuma yake hapakuwa na kitu kilichoruka. Alikuwa Léoncie tu, anatembea.

Yale marinda Akilimali hakuyatupa. Alikata kipande, akakishona kiwe mfuko wa shati la Prodige, upande wa moyo. Mtoto alitia mkono ndani, akaunusa mkono wake, akaenda kucheza.

Jioni hiyo, baba na binti walipokuwa wakifagia uwanja, Akilimali aliegemea ufagio.

"Mwavita, moyo yako ya kusaidia ni muzuri. Nisingependa uipoteze," alisema. "Lakini ulitoa kitu yenye si yako, na ukaweka uongo juu. Msaada ya namna hii haifiki. Inazungukazunguka mu barabara, inatisha batu, mpaka irudi kwa mwenyewe. Kama uko na kifuniko, toa kifuniko, na useme ni kifuniko. Kama hauna kitu, toa mikono. Na ukikosea, sema siku ile ile, kosa ikiwa ingali ndogo."

"Ndiyo, Papa."

"Jumamosi unaenda kwa Mama Consolate. Nguo zao nyingi hazina vifungo."

Alikwenda Jumamosi hiyo, na nyingine, na nyingine tena. Alishona vifungo, akabadilisha zipu, akatenga yaliyo matambara na yanayovalika. Vidole vyake vilichomwa na sindano hata akazoea. Laure hakuja mara ya kwanza. Mara ya pili alikuja akasimama mbali. Mara ya tatu aliketi, akachukua sindano, akasema, "Hicho kifungo umekiweka kombo." Mwavita alikifumua akakirudia, akifurahi kupita kiasi.

Prodige bado alipenda kukaa kwenye jiwe lake jioni. Mwavita alipomwona huko tena, alisogea karibu. Mwanamke aliyebeba kapu alikuwa akishuka barabara, nguo yake ya zambarau, duara za njano. Mtoto alisimama. Mkono mmoja aliutia katika mfuko wake wa kifuani, wa pili akaupunga juu.

"Mama Laure!" aliita kwa sauti yake yote. "Mama Laure, yambo!"